Mtemi, Kifaranga na Duara la Dhahabu

Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Sophocles mwaka 1971 na kuiita Mfalme Edipode, alikuwa ameshawapa wasomaji wa Kiswahili Makbeth miaka mitatu nyuma. Kabla yake, mwaka 1963, Julius Nyerere alikuwa ameshamleta Julius Caesar pamoja na yule mpiga bao anayemwonya mtawala aihofie siku moja ya mwezi Machi. Katikati ya tafsiri hizo Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Kwa hiyo katika muda usiofika miaka kumi Kiswahili kilijaa mashujaa wanaoanguka huku kauli ya mtabiri ikiwaandama. Darasani tamthilia hizi zimezoeleka kusomwa kwa swali moja: shujaa aliponzwa na majaaliwa au na kasoro yake mwenyewe? Swali si baya, lakini kwa anayeifahamu historia ya Usukuma, kuanzia mbuga za Kishapu hadi vilima vya Geita, linaliacha pembeni jambo la msingi. Huko ramli haikuwa hasa habari ya kesho. Ilikuwa uchunguzi wa jana: balaa hili limeletwa na nani? Ukishaliuliza hivyo, kuanguka kwa mkubwa kunahusu zaidi nani anaweza kutajwa na ramli na nani hatajwi. Nadai kwamba zamani mtemi, yaani mtawala wa jadi, alikuwa mtu wa kutajika kuliko wote, kwamba serikali ya kikoloni ilimwondoa kwenye hatari hiyo, na kwamba tangu hapo lawama imekuwa ikiteremka, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa wasio na kiti chochote cha kupinduliwa.

Tuanze na Edipode mwenyewe. Ni kweli kwamba kabla hajazaliwa ilitabiriwa kuwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na wengi wanaishia hapo. Lakini utabiri huo uko nje ya jukwaa. Tunausikia kama habari za kale. Kinachousukuma mchezo mbele ni kauli nyingine kabisa. Pazia linapofunguka, mji wa Thebes unaugua. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanapoteza mimba. Watu wamekuja kwa mfalme na matawi mikononi, kwa kuwa mfalme ndiye wa kuendewa mambo yakiharibika. Naye ameshamtuma shemeji yake Creon kule Delphi, mahali pa kupigia ramli, kuuliza, na jibu linaloletwa halisemi litakalotokea. Linasema kuna damu iliyomwagwa, ya mfalme Laius aliyemtangulia, haijalipwa. Mtafuteni aliyeimwaga mkamtoe nchini, nchi itapona. Toka hapo mchezo wote ni upelelezi, na mpelelezi ndiye mhalifu. Mzee wa Usukuma wa karne ya 19 angeshangaa mambo mengi katika hadithi hiyo, lakini utaratibu huu asingeushangaa. Nchi imeharibika, wananchi wanakwenda kwa mtawala, mtawala anatuma watu wakaulize, jibu linakuja na jina. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika kwao mvua zilipogoma.

Chombo cha kuulizia kilikuwa, na mahali pengi bado ni, kifaranga cha kuku. Mwenye shida hukitemea mate mdomoni ili hali yake iingie mle. Mfumu, yaani mganga mpiga ramli, hukipasua, akakifungua kama barua, na kusoma: rangi na madoa chini ya mabawa, bandama, mishipa, namna utumbo ulivyojikunja. Anatafuta kwanza kama taabu imetoka kwa mizimu ya ukoo iliyosahauliwa au kwa mtu aliye hai, na kama ni mtu, wa upande gani na wa karibu kiasi gani. Anayepeleka kifaranga hapeleki swali la iwapo ataishi au atakufa. Anataka kujua mkono gani umemfikia. Katika hili ramli ya Kisukuma inafanana na mahakama kuliko na falaki, na mfumu ni mpelelezi kabla hajawa tabibu. Mtu mmoja akiugua, uchunguzi hauvuki ua wa nyumba yake. Inapougua nchi nzima, kwa ukame au nzige au tauni ya ng'ombe kama ile ya miaka ya 1890, ua unaochunguzwa ni wa ikulu.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa utemi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya ibada za mtemi, na anachoonyesha si mfalme wa kukaa akila kodi. Mtemi alichaguliwa na wazee kwa ushauri wa wafumu. Alivishwa ndeji, lile duara jeupe la kombe la baharini, akafungwa na miiko tangu asubuhi hadi usiku. Mbegu zilianza kwake ndipo wananchi wapande. Afya yake na afya ya shamba zilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mvua ikinyesha, sifa zake. Isiponyesha, wazee waliuliza amevunja mwiko gani, au nani katika nyumba yake amechafua dawa. Mtemi aliyeshindwa na mvua miaka mfululizo aliweza kuondolewa, na kiti kikapewa ndugu yake. Wazee wa kitemi, banang'oma, ndio waliokuwa na mamlaka ya kumweka na kumtoa. Usukuma ulikuwa na makumi ya tawala ndogo za namna hii zilizopakana, kwa hiyo mtemi aliyetolewa aliweza kukimbilia kwa jirani, na raia walioudhika waliweza kumhama hata kabla hajatolewa. Heshima yake yote na hatari yake yote vilikaa kwenye kiti kimoja.

Atatokea wa kusema kwamba huu ni mchezo wa siasa tu uliovikwa joho la dini. Wazee walimchoka mtemi, ukoo wa pili ulikitaka kiti, ukame ukawapa sababu, mfumu akasoma kwenye kifaranga kile alichojua wenye nguvu wanataka kukisikia. Sina haja ya kubisha. Bila shaka mara nyingi ilikuwa hivyo. Edipode mwenyewe anamtuhumu mtabiri Tiresias kwa jambo hilohilo: kwamba amehongwa na Creon ampindue. Lakini hoja hiyo haiupunguzii utaratibu maana yake, inauongezea. Siasa inayopitia ramli inalazimika kukubali kanuni moja, kwamba mkubwa hajiepushi na uchunguzi kwa ukubwa wake, na kwamba ukubwa ndio unaomweka mbele ya foleni ya watuhumiwa. Mla njama anaweza kuitumia kanuni hiyo vibaya, ila hawezi kuifuta bila kuipoteza silaha yake mwenyewe. Na mtemi, kwa upande wake, anaijua kanuni hiyo siku anapokalia kiti. Huo ndio msiba wa shujaa kwa maana kamili: mtu mwema au mbaya, mwenye hatia au asiye nayo, anayebeba uchafu wa nchi kwa sababu alikubali kuibeba nchi.

Wapo watakaotaka shujaa wa Shinyanga awe Ng'wanamalundi, Igulu Bugomola, fundi wa ngoma na dawa anayesimuliwa kwamba alinyooshea mti kidole ukakauka, na ambaye Emmanuel Mbogo alimpandisha jukwaani mwaka 1988 kwa Ngoma ya Ng'wanamalundi. Ni shujaa kweli, na masimulizi yake ni matamu. Lakini anayemkamata katika masimulizi hayo ni Mjerumani, adui wa nje. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, naye alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro mwezi Agosti 1905, ila Ebrahim Hussein aliona mbali zaidi ya kitanzi. Kinjeketile wa jukwaani anavunjika anapogundua kwamba kauli aliyoileta kutoka kwa mzimu Hongo ina sehemu ya pili, kwamba watu watakuwa chini ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na kwamba watu wameshaipokea sehemu ya kwanza, ile ya ushindi, na kuondoka nayo. Neno limemponyoka mwenyewe. Yeye ndiye ndugu wa kweli wa mtemi wa Usukuma, kwa kuwa wote wawili wameangushwa na wale waliowaamini.

Sasa Wajerumani wakajenga boma Mwanza, mwaka 1892, na mambo yakageuka polepole kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Mtemi aliyeafikiana na boma hakuhitaji tena kuogopa wazee. Waingereza waliofuata walilipanga jambo hilo kisheria: tangu miaka ya 1920 mtemi akawa mkono wa serikali, mwenye mshahara, karani na mahakama, mkusanyaji wa kodi ya kichwa na msimamizi wa kilimo cha pamba. Aliyeweza kumfukuza sasa ni Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, na Bwana Shauri hakumfukuza mtu kwa sababu ya mawingu. Ibada ziliendelea, Cory alizikuta, ila meno yalikuwa yameng'olewa. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha huko Shinyanga, aliyesoma Makerere, aliteuliwa mwaka 1945 kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa mtu wa uwezo mkubwa, na hapa hatajwi kwa ubaya. Lakini ukimlinganisha na babu zake utaona kilichobadilika. Makosa ya mtemi wa zama zake yaliandikwa kwenye faili. Hayakusomwa tena kwenye bawa la kifaranga. Mwaka 1963 serikali huru ikaufuta utemi kwa sheria, chini ya Nyerere, mwenyewe mtoto wa mtemi wa Kizanaki na mfasiri wa mchezo ambao mpiga bao anaonya na mkubwa hasikii.

Kiti kiliondoka, kifaranga hakikuondoka. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi na kumpa mtu yeyote mateso ya kumpima, na hilo lilikuwa la kiungwana kwa maandishi. Kwa vitendo, kama alivyoonyesha Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika utafiti wake juu ya mauaji ya Usukuma, lilizifunga njia za hadharani za kuamua mashtaka hayo bila kuyaondoa mashtaka yenyewe. Watu waliendelea kuuliza nani kasababisha, na mfumu aliendelea kujibu, ila sasa usiku, faraghani, na jibu lake halikupita tena mbele ya baraza lolote. Nani basi atatajwa? Mkubwa wa wilaya hayumo katika ukoo wa muulizaji. Katibu wa chama hayumo. Aliyebaki ndani ya ua ni mama mkwe, shangazi mjane, bibi anayeishi peke yake kwenye kipande cha ardhi ambacho vijana wanakitamani.

Alama waliyotambulishwa nayo vikongwe hawa ilikuwa macho mekundu, na katika alama hiyo moja imejikunja historia nzima ya Shinyanga. Tangu miaka ya 1920 serikali iliendesha vita dhidi ya mbung'o, na Charles Swynnerton aliifanya Shinyanga kuwa makao ya majaribio yake. Miti na vichaka vilikatwa na kuchomwa eneo kubwa ili mbung'o wakose kivuli. Pamba ikafyeka iliyobaki, ng'ombe wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umekauka kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania, mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, na miti. Pasipo kuni watu hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeinamia moshi huo asubuhi na jioni kwa miaka arobaini, ndani ya nyumba ya dirisha dogo, macho yake huwa mekundu. Sophocles angeielewa kejeli hii: ishara inayosomwa kuwa ushahidi wa uchawi imepikwa na mipango ya serikali, na anayeisoma, mkwe wake, ameketi akila ugali ulioivishwa kwa moshi huohuo. Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na Usukuma ukabeba sehemu kubwa kuliko eneo jingine lolote.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu liko hapa: je, vikongwe hawakuuawa zama za watemi? Waliuawa, na yeyote anayesifu enzi hizo kana kwamba zilikuwa na huruma anajidanganya. Watu walinyweshwa dawa za kuwapima, na wengine hawakupona. Tofauti iko katika mlango ambao tuhuma ilipitia. Tuhuma ya uchawi ilikuwa jambo la utemi; aliyetajwa aliweza kudai apimwe tena kwa mfumu mwingine, aliweza kuhamia utemi wa jirani, na damu ya raia iliyomwagwa bila idhini ilikuwa kosa dhidi ya mtemi mwenyewe. Zaidi ya hapo, yule aliyetoa idhini alikuwa chini ya kanuni ileile. Mtemi aliyeruhusu wengi wauawe na mvua isinyeshe alikuwa anajichimbia shimo. Baada ya Operesheni Vijiji ya kuwakusanya watu vijijini, iliyoanza Shinyanga mwaka 1974, hata njia ya kuhama ilizibwa: koo zilizokuwa zimeachana kwa maili kadhaa zilijikuta kwenye mstari mmoja wa nyumba, zikipeana jicho.

Kuna mara moja ambapo kanuni ya kale ilirudi, na ilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama waliendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga dhidi ya mauaji hayo ya watuhumiwa wa uchawi. Mamia ya watu walikamatwa, wakateswa, na baadhi walikufa mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa ameagiza mateso wala hakuwapo. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya kiti chake. Huwa anatajwa kama mfano wa uwajibikaji, neno la semina na hotuba, lakini ukimtazama kutoka Shinyanga unamwona mtu wa ukoo mwingine wa mawazo: mkubwa anayekubali kuubeba uchafu ambao mkono wake haukuugusa, akatoka ili nyumba isafishwe. Hakuna mfumu aliyemtaja. Alijitaja. Na tofauti na Edipode, aliyejipofua na kwenda uhamishoni, huyu alipelekwa ubalozini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais.

Tukivuka kuelekea magharibi, kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita, Bukombe na Kahama, ramli inageuka sura. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na ule wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katikati ya nyakati hizo, na pembezoni mwa migodi hiyo hadi leo, wako wachimbaji wadogo. Duara moja, yaani shimo lao la kuchimbia, linaweza kuchimbwa miezi mingi bila kuona mwamba wenye kitu. Mwenye duara analisha vijana, ananunua magogo ya kuzuia kuta zisibomoke, anadaiwa na mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na futi kumi pembeni jirani yake anatoa mifuko ya mawe inayong'aa. Kwa akili ya kawaida kabisa anauliza kwa nini yeye na si jirani. Anakwenda kwa mganga. Hapa mtu atanikatiza: huyu haulizi ya jana, anauliza ya kesho, anataka kujua atapata lini, kwa hiyo nadharia ya ramli kama upelelezi imekufa. Nadhani imebadilika tu. Mganga wa machimboni hamwambii mteja lini atapata. Anamwambia kitu gani kinazuia na malipo gani yatakifungua, na tangu mwaka 2007 Watanzania walianza kusikia, kwa hofu, kwamba malipo hayo yaliweza kuwa viungo vya mtu mwenye ualbino. Deborah Bryceson na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2010, waliyahusisha mauaji haya na maisha ya machimbo, pale ambapo bahati ya ghafla na hasara ya ghafla ni mambo ya kila siku na hakuna ukoo karibu wa kumshika mtu mkono.

Mchezo wa Kigiriki unaofaa hapa si tena Edipode. Ni ule wa Agamemnon, amiri jeshi wa Wagiriki aliyekwama bandarini Aulis na merikebu elfu bila upepo. Mtabiri Calchas anamwambia upepo utavuma akimchinja binti yake Iphigenia. Agamemnon anamchinja, anapata upepo, anauteka mji wa Troy, na anaporudi nyumbani mkewe anamuua bafuni. Watunzi wa Ugiriki walihakikisha deni hilo linalipwa na mkubwa aliyefaidi. Edipode aliuliza hadi jibu likamfikia mwenyewe; alipoonywa na mkewe aache kuuliza, alikataa. Mwenye duara anaanza pale Agamemnon alipoanzia, ila hatoi mtoto wake, anatoa wa mwenzake, na mkono unaoshika panga ni wa kijana aliyelipwa.

Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14 kutoka Bukombe, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Januari ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ametangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi, na Januari 2015 serikali ikapiga tena marufuku wapiga ramli chonganishi, ikawakamata mamia katika mikoa ya kanda hii. Kwa hiyo waliotajwa hadharani ni waliokata na waliotabiri. Aliyepeleka kifaranga, akalipia jibu na kusubiri dhahabu, alibaki nje ya marufuku zote mbili.